Baiskeli Ikivunjika Katikati ya Mbio: Kujitoa au Kuendelea?

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli barabarani yalifanyika Kigali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Afrika kuyaandaa. Wengi wetu huku Dar tulijikuta ghafla mashabiki wa mchezo ambao kwa kawaida hatuugusi, na siku ya mwisho tulikodoa macho kwenye runinga kuangalia mbio za wanaume, kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima vya jiji lile.

Kuna tukio moja siku ile ambalo halijanitoka. Mbelgiji Remco Evenepoel, ambaye wiki moja kabla alikuwa ametwaa ubingwa wa mbio za kushindana na saa, alipita kwenye shimo na kiti cha baiskeli yake kikakaa vibaya. Mambo yakaharibika zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100. Tadej Pogačar wa Slovenia akachomoka. Evenepoel akapewa baiskeli nyingine, nayo haikumkaa. Akasimama tena kando ya barabara kusubiri ya tatu, hasira zikimwonekana wazi, huku wenzake wakiyoyoma.

Ofisini kwetu ubishi ulianza hapo hapo. Mmoja akasema jamaa angejitoa tu, kwani ana nini cha kudai? Na kweli, kujitoa siku ile isingekuwa aibu. Kati ya watu zaidi ya 160 walioanza, waliomaliza ni 30 tu. Evenepoel aliendelea. Alimaliza wa pili, dakika moja na sekunde 28 nyuma ya Pogačar, akavaa medali ya fedha.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya jambo hili dogo: chombo kimekufa, mbio zinaendelea, nawe umesimama barabarani. Unafanya nini? Nimegundua kuwa jibu la mchezaji mara nyingi linategemea zaidi aliyeandika kanuni kuliko moyo wa mchezaji mwenyewe. Na walioandika kanuni hizo mwanzoni, ndugu msomaji, walikuwa waandishi wa habari. Ndiyo maana nimeona niandike.

Twende taratibu.

Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903, na yalianzishwa na gazeti. Gazeti lenyewe liliitwa L'Auto, lilichapishwa kwenye karatasi ya njano, na lilikuwa linazidiwa sokoni na mpinzani wake. Mwishoni mwa 1902 mwandishi kijana wa gazeti hilo, Géo Lefèvre, alimpa mhariri wake, Henri Desgrange, wazo lililoonekana la kichaa: tuandae mbio za kuizunguka Ufaransa nzima, watu wanunue gazeti kila siku kujua nani kafika wapi. Wazo likafanya kazi. Mauzo yakapanda kutoka nakala kama 25,000 hadi 65,000 hivi kwa mkupuo mmoja. Mpinzani akafa.

Kwa hiyo Desgrange alikuwa mhariri, mwandaaji, mtunga kanuni, na mwenye kuripoti, vyote kwa pamoja. Hapo mtu wa gazeti lazima acheke kidogo. Habari na chanzo cha habari vilikuwa kwenye meza moja!

Desgrange alikuwa na imani moja aliyoishika kama dini. Alitaka mbio ziwe pambano la mtu mmoja dhidi ya barabara. Hakutaka msaada wa timu, hakutaka mafundi, na hata gia za kubadilisha kwa kamba alizikataa hadi mwaka 1937. Mchezaji alibeba matairi yake ya akiba akiyazungushia mabegani, akiziba pancha mwenyewe na kurekebisha cheni mwenyewe. Baiskeli ikivunjika, aitengeneze mwenyewe, kwa mikono yake. Mtu mwingine akimsaidia, anaadhibiwa.

Sasa tumlete Eugène Christophe.

Huyu alizaliwa mwaka 1885 na kabla ya kuishi kwa baiskeli alikuwa fundi wa kufuli. Shikilia hilo, litatusaidia mbele. Mwaka 1910 alishinda mbio za Milan hadi San Remo kwenye theluji kali, katika siku ambayo waliofika mwisho walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Katikati ya mbio hizo aliganda kwa baridi hadi akaingia kwenye nyumba ya wageni kujipasha moto, kisha akatoka tena kuendelea. Mwaka 1912 alikuwa wa pili Tour de France. Mwaka 1913, akiwa na miaka 28, kila dalili ilionyesha kwamba zamu yake imefika.

Tarehe 9 Julai 1913 ilikuwa hatua ya sita, kutoka Bayonne hadi Luchon, kilomita 326 kupitia milima ya Pyrenees. Wachezaji waliondoka saa tisa usiku. Barabara za milimani zilikuwa za udongo na mawe. Bingwa mtetezi, Odile Defraye wa Ubelgiji, ndiye aliyekuwa akiongoza, na Christophe alimfuata kwa karibu. Siku ile Defraye alishindwa na milima, akajitoa. Christophe alipofika kilele cha Tourmalet, mita 2,115 juu ya usawa wa bahari, alikuwa nyuma kidogo ya Mbelgiji mwingine, Philippe Thys. Ukipiga hesabu ya jumla, uongozi wa mbio nzima ulikuwa unaingia mikononi mwake.

Akaanza kushuka. Njiani akahisi usukani unacheza. Uma wa mbele ulikuwa umevunjika.

Kwa wasiojua baiskeli, uma ni ile sehemu yenye matawi mawili inayolishika gurudumu la mbele na kuliunganisha na usukani. Kila jiwe unalopita linaupiga uma kwanza. Ukishuka mlima kwa kasi na kufunga breki, uzito wote unasogea mbele na kuuegemea. Chuma nacho huchoka, hakikuambii siku yake. Tairi ikipasuka unaziba, cheni ikikatika unaunga. Uma ukivunjika huna kitu cha kupanda, kwa sababu gurudumu la mbele limebaki peke yake. Christophe alikuwa na bahati kwamba hakuanguka na kufa.

Hebu jiweke hapo. Uko mlimani. Gari la mafundi halipo, na hata lingekuwepo lisingeruhusiwa kukupa kitu. Wenzako wanakupita mmoja mmoja. Ulikuwa unakaribia kushinda mashindano makubwa kuliko yote duniani, sasa unashika mkononi gurudumu.

Alibeba baiskeli begani, akaanza kutembea. Umbali unatajwa tofauti na wasimuliaji tofauti, wengine kilomita 10, wengine 14. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alilia njiani kwa hasira, na kwamba alikata kupitia vijia vya mlimani ili kufupisha safari. Akafika kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Msichana mmoja akamwongoza hadi kwenye kibanda cha mhunzi.

Mhunzi alikuwa tayari kumtengenezea. Asingeruhusiwa. Wakaguzi wa mashindano walikuwa wamesimama pale pale mlangoni kuhakikisha hakuna mkono mwingine unaogusa kazi. Mhunzi alichoweza kufanya ni kumruhusu atumie moto, fuawe na kipande cha bomba, na kumwelekeza kwa mdomo. Christophe akavaa ufundi wake wa zamani. Akakata, akapasha, akagonga, akatoboa, akaunga. Ilimchukua zaidi ya saa tatu.

Inasimuliwa kwamba mmoja wa wakaguzi alianza kulalamika njaa, akataka aende kula. Christophe akamjibu kwamba kama ana njaa atafune makaa, maana yeye ni mfungwa wao na wao ni walinzi wake, hakuna kuondoka. Nakipenda kipande hiki kuliko vyote. Mtu anafua chuma chake kwa mikono miwili, anayemlinda analia njaa.

Lakini kazi ya uhunzi inahitaji mikono mitatu. Ukishika chuma kwa koleo na nyundo kwa mkono mwingine, mvukuto utapulizwa na nani? Mtoto mmoja wa kijijini akaupuliza. Wakaguzi wakaandika. Adhabu: dakika kumi, ambazo baadaye zilipunguzwa hadi tatu, kwa kosa la kusaidiwa na mtoto kupuliza moto.

Kisha akapanda baiskeli yake. Mbele yake kulikuwa na milima mingine miwili, Aspin na Peyresourde. Akaipanda yote miwili, akafika Luchon karibu saa nne baada ya mshindi wa siku, Thys. Hakujitoa kesho yake wala keshokutwa. Katika wachezaji 140 walioanza Tour ile, 25 ndio waliofika Paris, na Christophe alikuwa wa saba, zaidi ya saa 14 nyuma ya bingwa.

Bingwa alikuwa Thys. Na hapa historia inatucheka: mwishoni mwishoni mwa mashindano yale yale, Thys naye alianguka na uma wake ukavunjika. Yeye akatengenezewa kwenye duka la baiskeli. Adhabu yake ikawa dakika kumi tu. Akashinda mashindano kwa dakika nane na sekunde 37.

Piga hesabu mwenyewe. Mmoja alitii kanuni akapoteza saa nzima nzima, mwingine aliivunja akapoteza dakika kumi. Simlaumu Thys, aliumia na alilipa alichotozwa. Ninachosema ni kwamba kujitoa au kuendelea kuna mlango wa tatu ambao hadithi nyingi hauutaji: endelea, lakini usifuate kanuni, ulipe faini. Christophe hakuutumia, na wakaguzi walikuwa wamesimama mlangoni wasimwache autumie. Kuvunjikia chombo karibu na mji, mahali penye duka, na kuvunjikia mlimani mbele ya wakaguzi ni vitu viwili tofauti.

Kwa nini basi aliendelea? Ushindi ulikuwa umekwenda, alijua. Wahenga wetu wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Christophe alikubali kushindwa akiwa bado barabarani, machozi yanamtoka, halafu akaendelea kama mtu mwenye kazi ya kumalizia. Mimi nadhani ule ufundi wa kufuli ndio jibu. Mtu mwingine angeona mwisho wa dunia. Fundi aliona kitu kilichovunjika, na kitu kilichovunjika kinatengenezwa. Maamuzi mengi tunayoyaita ya kishujaa, ukiyachunguza unakuta ni mazoea ya kazi.

Miaka ikapita, vita ya kwanza ya dunia ikaja. Mabingwa watatu wa Tour waliuawa: François Faber mwaka 1915, Octave Lapize na Lucien Petit-Breton mwaka 1917. Christophe alirudi salama, ila miaka yake bora ilikuwa imeliwa.

Tour ya 1919 ilikuwa ya nchi iliyobomoka. Barabara za kaskazini zilikuwa zimechimbwa na mizinga. Vifaa vilikuwa adimu hadi viwanda vya baiskeli vikaungana kuwavalisha wachezaji wao jezi ya aina moja ya kijivu. Ndiyo sababu Desgrange akaamua anayeongoza avae jezi ya rangi tofauti ili atambulike. Akachagua njano, rangi ya karatasi ya gazeti lake. Mtu wa kwanza kuivaa, Grenoble, tarehe 19 Julai 1919, alikuwa Eugène Christophe, sasa mzee wa miaka 34.

Zikiwa zimebaki hatua mbili tu alikuwa anaongoza kwa dakika 28. Hatua ya kabla ya mwisho, kutoka Metz hadi Dunkirk, ilikuwa na urefu wa kilomita 468. Karibu na Valenciennes, kwenye barabara ya mawe, uma ukavunjika.

Ndiyo, tena.

Safari hii karakana haikuwa mbali. Akatengeneza mwenyewe, zaidi ya saa moja ikapita. Jumla ya muda aliopoteza siku ile ilitosha kumtoa kwenye jezi ya njano hadi nafasi ya tatu. Firmin Lambot wa Ubelgiji akashinda. Katika mashindano hayo hayo Paul Duboc alikatika ekseli ya pedeli, akapanda gari la mtu kwenda kutengeneza. Akafutwa kabisa kwenye matokeo. Waliobaki kwenye orodha walikuwa kumi tu, nchi nzima.

Wasomaji wa L'Auto walikasirika. Michango ikaanza kumiminika kwa ajili ya Christophe, na gazeti likaikusanya na kuchapisha majina ya waliotoa. Ikafika zaidi ya faranga 13,000. Zawadi ya mshindi Lambot ilikuwa faranga 5,000. Aliyeshindwa aliondoka na pesa nyingi kuliko aliyeshinda.

Mwandishi wa habari akisoma hapo lazima asimame kidogo. Gazeti ndilo lililoweka kanuni kwamba mtu asisaidiwe. Gazeti hilo hilo likauza habari za mateso yake. Kisha likauza tena habari za huruma ya wananchi kwake. Mara tatu, kwa uma mmoja. Sisemi Desgrange alikuwa mtu mbaya, na huenda aliamini kwa dhati kila alichokiandika. Lakini ukishakuwa mwenye kanuni na mwenye habari kwa wakati mmoja, huwezi kuuliza swali ambalo mwandishi alipaswa kuuliza: kanuni hii ni ya haki?

Kanuni iliendelea kutafuna watu. Mwaka 1921 Léon Scieur alivunjikiwa spoku nyingi kwa mpigo. Kubadilisha gurudumu kuliruhusiwa tu ukithibitisha kwamba la zamani halitengenezeki, na mkaguzi hakuwepo kuona. Basi, kama kisa kinavyosimuliwa, Scieur alilifunga gurudumu bovu mgongoni na kulibeba kilomita 300 hivi kama ushahidi, na alama za meno ya gia zilimkaa mgongoni kwa miaka. Alishinda Tour ile. Mwaka 1922 Hector Heusghem alikuwa amevaa jezi ya njano, akaanguka, baiskeli ikavunjika. Akapanda nyingine kwa ruhusa ya mkaguzi. Baadaye akaongezewa saa nzima kama adhabu, jezi ikaondoka. Aliyefaidika ni nani? Lambot yule yule. Na mwaka huo huo wa 1922, kwenye mlima Galibier, Christophe akiwa na miaka 37 na akiwa bado miongoni mwa wanaowania nafasi za juu, uma wake ulivunjika kwa mara ya tatu. Akaendelea kwa miguu. Akamaliza mashindano.

Mwaka 1923 kanuni ililegezwa, wachezaji wakaruhusiwa kubadilisha vifaa vilivyovunjika. Christophe alikimbia Tour yake ya mwisho mwaka 1925, akiwa na miaka 40. Alianza Tour 11, akamaliza nane, hakushinda hata moja.

Ningeweza kuishia hapa, na ingekuwa hadithi ya uvumilivu kama zile tunazozipenda kwenye kurasa za michezo. Ila kuna tukio la mwaka 1924 ambalo haliniruhusu.

Bingwa wa 1923 alikuwa Henri Pélissier. Mwaka uliofuata alijitoa katikati ya Tour, yeye, mdogo wake Francis na mwenzao Maurice Ville. Baiskeli zao zilikuwa nzima. Walichogombana nacho ni kanuni kwamba mchezaji lazima amalize siku na kila alichoanza nacho. Asubuhi kulikuwa na baridi, Pélissier alivaa jezi mbili, jua lilipopanda akataka kutupa moja, na mkaguzi alikuwa amethubutu kumpekua ili kuhesabu jezi mwilini mwake. Akasema basi. Wakaingia kwenye mgahawa mjini Coutances, wakakaa.

Huko akawakuta mwandishi Albert Londres wa gazeti la Le Petit Parisien. Londres hakuwa mtu wa michezo, alikuwa mwandishi wa habari za uchunguzi ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameandika kuhusu magereza ya wafungwa wa Ufaransa kule Guyana. Akawauliza, akasikiliza. Wakamwonyesha vidonge na dawa walizokuwa wakitumia ili waweze kustahimili safari. Wakamweleza miguu, macho, kucha. Akaandika. Habari ile ilitikisa Ufaransa, kwa sababu kwa mara ya kwanza wasomaji wengi waliona mbio zile kwa jicho la mtu anayezikimbia.

Waweke watu hawa wawili pamoja. Christophe aliendelea, akatupa hadithi. Pélissier alijitoa, akatupa habari. Hadithi ya Christophe ilimfanya kila mtu aseme, mwanaume yule! Habari ya Pélissier iliwafanya baadhi ya watu waulize, hivi kwa nini mambo yako hivi? Ninawaheshimu wote wawili. Nikilazimishwa kuchagua nani nimshike mkono, nitamshika Christophe. Nikilazimishwa kuchagua nani nimfuate na kalamu, nitamfuata Pélissier.

Sisi Watanzania tuna Christophe wetu. John Stephen Akhwari, Mexico City, 1968. Alianguka katika marathoni, goti likateguka, akamaliza kwa zaidi ya saa tatu na dakika 25, wa mwisho kati ya 57 waliofika, Mamo Wolde wa Ethiopia akiwa ameshashinda zaidi ya saa moja kabla. Jibu lake kwamba nchi yake ilimtuma amalize mbio linajulikana dunia nzima. Tunajivunia, na tuna haki. Lakini hesabu ni makala ngapi umesoma kuhusu goti la Akhwari, kisha hesabu ni ngapi umesoma zinazouliza wanariadha wetu wanaandaliwaje kabla ya kupanda ndege. Kwenye vyumba vya habari tunapenda sana mchezaji anayekimbia na viatu vilivyochanika. Ni picha nzuri. Aliyepaswa kununua viatu haonekani kwenye picha.

Tusidhani kwamba kanuni zikilegea basi uamuzi unakuwa mwepesi. Mwaka 1934 kijana René Vietto, miaka 20, alikuwa anapanda milima kuliko mtu yeyote. Kiongozi wa timu yake, Antonin Magne, akavunja gurudumu. Wakati huo msaada uliruhusiwa, kwa hiyo Vietto akampa gurudumu lake la mbele, akabaki amekaa kwenye ukuta kando ya barabara akilia, anasubiri. Kesho yake akiwa mbele ya Magne aliambiwa kiongozi amekwama tena. Akageuza, akapanda mlima kurudi alikotoka, akampa baiskeli nzima. Magne akashinda Tour, Vietto akawa wa tano. Zamani chombo kikikufia uliamua peke yako. Sasa chombo cha mwenzako kikifa, wewe ndiye unayesimama.

Na mwaka 2016, tarehe 14 Julai, kwenye mlima Ventoux, kulikuwa na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyejifunza mbio hizi Kenya chini ya David Kinjah. Watu walifurika barabarani, pikipiki ikasimama ghafla, wachezaji watatu wakaigonga. Baiskeli ya Froome ikavunjwa na pikipiki nyingine. Alikuwa amevaa jezi ya njano. Gari la timu lilikuwa mbali nyuma, limezibwa na umati. Akaanza kukimbia kwa miguu kupanda mlima, bila baiskeli, na viatu vile vya baiskeli! Akapewa baiskeli ya akiba isiyomtosha, ikamshinda, mwishowe akapata ya timu yake. Matokeo ya kwanza yalimvua jezi. Waamuzi wakakaa, wakaamua kwamba kosa halikuwa la wachezaji, wakampa muda sawa na mwenzake aliyekuwa naye. Siku chache baadaye alishinda Tour.

Tazama umbali tuliotoka. Mwaka 1913 waamuzi walimhesabia mtu dakika kwa sababu ya mtoto aliyepuliza mvukuto. Mwaka 2016 waamuzi walijiuliza nani aliyesababisha. Swali hilo la pili limechukua zaidi ya miaka mia kufika, na halikufika kwa sababu wachezaji walizidi kuvumilia. Lilifika kwa sababu kuna watu waliogoma, kuna watu waliolalamika, na kuna watu walioandika.

Leo pale Sainte-Marie-de-Campan kuna kibao cha kumbukumbu na sanamu ya Christophe na uma wake. Anastahili. Mtoto wa mvukuto hana sanamu, wala wakaguzi waliosimama mlangoni hawana. Mimi ningependa nao wachongwe, wote, pamoja na yule aliyelia njaa, ili anayepita pale aone uamuzi wa Christophe ulifanyika mbele ya nani.

Haya, nimesema ya kwangu. Uma wako umevunjika, wakaguzi wako mlangoni, moto unawaka. Ungeshika nyundo, ungeenda dukani ukalipa faini, au ungeingia mgahawani ukamtafuta mwandishi?